Databesi ya GPS kwenye ndege ikiwa na kosa: jinsi ya kuikagua kabla haijakupeleka pabaya

Wakuu, hii ni kwa wote wenye leseni binafsi wanaorusha ndege ndogo na wana GPS kwenye dashibodi au tableti mapajani. Naona wengi wanaamini kwamba ukishalipia apdeti na mashine ikaonyesha tarehe haijapita basi kazi imeisha. Haijaisha. Tarehe inakuambia databesi ni mpya, haikuambii kama ni sahihi, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Elewa hivi kwanza. Ile sehemu ya GPS inayopokea satelaiti inajua ulipo kwa usahihi wa mita chache, hiyo sio shida yetu leo. Shida ni vile vitu vingine vyote mashine inavyokuchorea, ranwei, wepointi (nukta za njia zenye jina), VOR (vituo vya redio vya kuongozea ndege), mipaka ya anga, minara, maana hivyo havitoki kwenye satelaiti, viliandikwa na watu, vikapita mikono mingi mpaka kufika kwenye kadi yako, na mashine haina namna yoyote ya kujua kama mmoja wao alikosea. Wepointi ikiwa imewekwa nusu maili pembeni, mashine itakufikisha hapo hapo nusu maili pembeni, sindano ikiwa katikati, bila onyo na bila taa kuwaka. Ndo maana ukaguzi ni kazi ya rubani na hakuna wa kukusaidia.

Kosa linaingilia wapi

Ukijua njia data inayopita utajua pa kuangalia. Nchi inapima uwanja na vituo vyake, inachapisha kwenye AIP, yaani kitabu rasmi cha taarifa za anga. Kampuni za data kama Jeppesen, Lufthansa Systems au NAVBLUE zinasoma hizo AIP za dunia nzima na kuziandika upya kwa muundo unaoitwa ARINC 424, ambao unageuza maneno kama "panda moja kwa moja, alafu geuka kushoto kuelekea wepointi fulani" kuwa vipande vya amri ambavyo kompyuta inavielewa. Kisha mtengenezaji wa GPS anaipakia hiyo data kwa namna inayotoshea kwenye kifaa chake. Mwisho wewe unaiingiza kwenye ndege. Hatua nne, na kila moja ina makosa yake.

Kwenye hatua ya nchi, kosa la kihistoria ni la mfumo wa upimaji. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, iliweka WGS-84 kuwa mfumo rasmi wa koordineti za usafiri wa anga kuanzia 1 Januari 1998, kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na mfumo wake, na sehemu ile ile ya ardhi ikiandikwa kwa mfumo wa zamani inaweza kutofautiana na WGS-84 kwa mita mia kadhaa. Kwa hiyo ukikuta koordineti kwenye chati ya zamani au kitabu cha zamani cha viwanja vidogo usiziingize kwenye GPS bila kujua zilipimwa kwa mfumo gani.

Kwenye hatua ya kampuni ya data kuna viwango vikali. Annex 15 ya ICAO, yaani kanuni zake za taarifa za anga, ilipanga data kwa uzito wake: ile nyeti kabisa kama mwanzo wa ranwei, uwezekano wa kuharibika njiani ulitakiwa usizidi 1 kati ya 100,000,000, ile ya kati 1 kati ya 100,000, na ya kawaida 1 kati ya 1,000. Hizo ni namba nzuri ila zisome vizuri, zinahusu data kuharibika ikiwa inahamishwa. Kama namba ilikuwa mbovu tangu ilipochapishwa, mfumo utaitunza kwa uaminifu na kukufikishia ikiwa mbovu vile vile.

Mtengenezaji wa kifaa naye ana lake. Vifaa vingine vya zamani vina memori ndogo kwa hiyo baadhi ya vitu vinaachwa nje: ranwei fupi, ranwei za nyasi au udongo, na kwenye aprochi, yaani njia iliyopangwa ya kushukia uwanjani, zile wepointi za kushukia hatua kwa hatua baada ya wepointi ya mwisho ya kuanza kushuka. Sio kosa la uchapaji, ni kitu ambacho hakimo, na kitu ambacho hakimo ni kigumu kukiona kuliko kilichokosewa. Chati inasema usishuke chini ya kimo fulani mpaka uvuke wepointi fulani, mashine haina hiyo wepointi, na wewe usiposoma chati hutajua kama uliivuka au bado.

Alafu hatua ya mwisho ni sisi wenyewe, na hapa ndo makosa ni mengi.

Tarehe: angalia zote, sio moja

Data ya anga duniani inabadilika kwa mzunguko wa AIRAC (ratiba ya kimataifa ya kubadilisha taarifa za anga) wa siku 28, siku zote Alhamisi. Kila mzunguko una namba, mfano 2403 ni mzunguko wa tatu wa mwaka 2024. Kwa kawaida mwaka una mizunguko 13, mara moja moja inakuwa 14 kama ilivyotokea 2020, kwa hiyo usibahatishe kichwani, soma skrini. Mashine ikiwaka inaonyesha ukurasa wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na wengi tunabonyeza kitufe kuuondoa kabla hata macho hayajafika. Usome.

Na sio databesi moja. Kifaa cha kisasa kina ya usafiri, ya vizuizi, ya milima, na kama una chati ndani basi na hizo zina yake. Ya usafiri ni siku 28, ya vizuizi kwenye vifaa vingi ni siku 56, ya milima inabadilika mara chache. Nimeona ndege ambazo databesi ya usafiri ni ya juzi lakini ya vizuizi imepitwa muda mrefu, na mwenye ndege anasema kwa dhati kabisa kila kitu kiko sawa kwa sababu aliangalia mstari wa kwanza tu.

Ukiwa na GPS ya dashibodi na tableti, linganisha namba za mzunguko. Zikiwa tofauti, basi tofauti yoyote utakayoiona baadaye hutajua kama ni kosa au ni mabadiliko ya kawaida. Na kama safari yako inavuka Alhamisi ya mabadiliko, mfano unaenda Jumatano unarudi Ijumaa, hakikisha mzunguko unaofuata tayari umo kwenye kadi kabla hujaondoka.

Ukaguzi wenyewe: umbali kwanza, kozi baadaye

Hapa ndo kiini, na nitakaa hapa kidogo. Njia nzuri ya kugundua kosa kwenye njia au aprochi ni kuipakia mashine ukiwa chini, injini imezimwa, ufungue ukurasa wa mpango wa safari, uweke chati pembeni, upite kipande kimoja kimoja ukilinganisha vitu vitatu: mpangilio wa wepointi, umbali wa kila kipande, na kozi, yaani mwelekeo kwa digrii, ya kila kipande. Tena tumia chati ambayo haikutoka kwenye kadi ile ile. Ikiwezekana chukua ile iliyochapishwa na nchi yenyewe kwenye AIP, maana chati ya tableti na data ya dashibodi zikiwa zimetoka kampuni moja zitakubaliana hata kama zote zimekosea, ni ndoo mbili za kisima kimoja.

Anza na umbali. Umbali hauathiriwi na sumaku, kwa hiyo ukitofautiana na chati kwa zaidi ya ile sehemu ya kumi ya maili inayotokana na kukadiria namba, unatakiwa upate maelezo. Chati inasema maili 6.0 mashine inasema 6.1, endelea. Chati inasema 6.0 mashine inasema 6.6, simama hapo hapo.

Kozi ni ngumu zaidi kidogo kwa sababu sumaku ya dunia inahama. Chati ilichorwa na varieshoni (tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi) ya mwaka fulani, VOR ilipangwa na varieshoni ya siku iliposimikwa au ilipofanyiwa matengenezo, na mashine yako inakokotoa kwa modeli yake ya ndani. Mwongozo wa PBN wa ICAO, yaani wa kuongoza ndege kwa mifumo kama GPS, unasema tofauti ya digrii 3 au pungufu kati ya chati na skrini inaweza kusababishwa na hilo na inakubalika kiuendeshaji. Sawa, ila hapo kuna mtego: kwenye kipande cha maili 6, digrii 3 ni kama maili 0.3 pembeni. Yaani wepointi iliyokosewa kwa zaidi ya nusu kilomita inaweza kujificha ndani ya hiyo tofauti inayokubalika, na wewe ukaipita ukisema ni sumaku tu.

Namna ya kutofautisha ni hii. Varieshoni ikiwa ndo sababu, vipande vyote vya eneo hilo vitasogea upande mmoja kwa kiasi kile kile, chati inasema 087 mashine 089, kinachofuata chati 132 mashine 134, kinachofuata 270 na 272. Wepointi moja ikiwa imekosewa, haitaharibu vyote, itaharibu viwili tu: kinachoingia kwenye hiyo wepointi na kinachotoka. Mara nyingi kimoja kitaonyesha zaidi kwenye kozi na kingine zaidi kwenye umbali, na vipande vingine vyote vitakuwa safi. Kwa hiyo usitazame kipande kimoja peke yake ukasema "digrii mbili, sio mbaya", tazama vyote kwa mpigo, ukiona viwili vinavyopakana vimeyumba na majirani zao wametulia, basi ile wepointi iliyoko katikati yao ndo ya kuishuku.

Usisahau kipande cha kupaa tena pale unapoghairi kutua. Watu wanakagua mpaka ranwei alafu wanaacha, wakati kule mbele ndo kuna kugeuka, kimo na sehemu ya kuzunguka kusubiri, na ndo sehemu utakayoirusha ukiwa umeelemewa na kazi. Angalia upande wa kugeuka. Kushoto iwe kushoto.

Na angalia vimo. Kwenye baadhi ya vifaa vimo vinaonekana kwenye mpango wa safari pembeni ya kila wepointi, linganisha na chati moja moja. Kama mashine yako inakupa ule mstari wa kushukia wa ushauri tu, unaoandikwa LNAV+V, jua hauna mamlaka juu ya vimo vya chati, ukiufuata bila kuangalia unaweza kukatiza chini ya kimo cha hatua au, ukiwa chini ya kimo cha mwisho, ukakuta kizuizi ambacho mstari haukukijali.

Vitu vinavyofanana na kosa lakini sio kosa

Nayasema haya ili usije ukapoteza asubuhi nzima. GPS ikikuonyesha umbali wa kwenda uwanja, inapima mpaka nukta ya rejea ya uwanja, sio mpaka mwanzo wa ranwei, kwa uwanja mkubwa hizo zinaachana kwa maili nzima au zaidi. DME (redio ya kupima umbali) inapima kwa mshazari kutoka kwenye ndege mpaka kituo chini, GPS inapima kwa usawa wa ardhi, kwa hiyo ukiwa futi 6,000 juu ya kituo DME itasema karibu maili 1 na GPS itasema sifuri, zote ziko sahihi. Na ranwei inaweza kubadilika namba bila kusogezwa hata sentimita, kwa sababu tu sumaku imehama: kule Tampa, Marekani, Januari 2011 ranwei 18R/36L ikawa 19R/1L. Ukikuta chati yako na mashine zinatofautiana namba ya ranwei, angalia kwanza tarehe ya kila moja.

Majina

Usitafute wepointi kwa jina alafu ukabonyeza ya kwanza inayokuja. Majina ya herufi tano yanatakiwa yasijirudie duniani ila yanajirudia bado, na vitambulisho vya VOR na NDB (vituo vya redio vya aina ya zamani zaidi) vya herufi moja, mbili au tatu vinajirudia sana tu.

Ajali ya Cali, Colombia, 20 Desemba 1995, kila rubani anatakiwa aijue kwa undani wake. American Airlines 965, Boeing 757 kutoka Miami, usiku. Chati iliandika kituo cha Rozo kwa kitambulisho R. Wafanyakazi wa ndege wakaandika R kwenye kompyuta. Lakini ndani ya databesi R ilikuwa ni kituo kingine, Romeo, karibu na Bogotá, zaidi ya maili 100 kutoka pale, chenye kitambulisho hicho hicho na frikwensi hiyo hiyo. Rozo yenyewe ilikuwa imehifadhiwa kwa jina zima, ungetakiwa uandike ROZO ndo uipate. Ndege ikageuka kushoto kuelekea Bogotá huku wakiwa wanashuka kati ya milima. Walikufa watu 159, wakapona 4.

Angalia hapo vizuri: chati haikuwa na kosa la koordineti, databesi nayo koordineti zake zilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwamba chati na databesi hazikuiita Rozo kwa jina moja, na hakuna aliyewaambia marubani. Kwa hiyo kila unapoita wepointi kwa jina, kabla hujabonyeza kitufe cha kukubali, soma umbali na mwelekeo mashine inaokupa. Unategemea maili 12 mbele upande wa kulia, mashine inasema 132 nyuma yako? Usikubali. Ni sekunde tano hizo.

Koordineti za kuandika kwa mkono

Kama unarukia viwanja vidogo visivyo kwenye databesi utaandika wepointi zako mwenyewe, na hapa kosa moja linarudi kila siku: muundo wa namba. AIP inatumia digrii, dakika na sekunde. GPS nyingi zinataka digrii na dakika zenye desimali. Ramani za simu zinatoa digrii zenye desimali. Zote tatu zinafanana kwa macho.

Chukua latitudo 6°12'48". Sekunde 48 ukigawa kwa 60 ni 0.80, kwa hiyo kwenye GPS ya dakika zenye desimali unaandika 6°12.80'. Mtu mwenye haraka anaandika 6°12.48'. Tofauti ni dakika 0.32, na kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, umeshakosea maili 0.32, karibu mita 590. Kwa macho hutaiona kwenye ramani ya skrini ila ukishuka kwenye mawingu au vumbi kuutafuta uwanja utauona sana huo umbali. Sehemu hiyo hiyo kwa digrii zenye desimali ni 6.2133°. Ukiisoma kama 6°21.33' umehamisha uwanja maili 8.5, karibu kilomita 16. Na kaskazini ikiandikwa kusini au mashariki magharibi, hiyo angalau utaigundua kwa sababu umbali utakuwa wa ajabu.

Ukishaandika, hakiki kwa kurudi nyuma: mwambie mashine ikupe umbali na mwelekeo kutoka uwanja unaojulikana mpaka hiyo wepointi yako, alafu pima kwenye chati ya karatasi kwa rula na protrakta. Zikikubaliana, umemaliza. Mwenzako akikutumia koordineti kwa meseji fanya hivyo hivyo hata kama unamwamini sana.

Wepointi zako za mkono na mipango ya safari uliyoihifadhi haifi ukifanya apdeti. Nchi ikihamisha wepointi au ikaifuta, mpango wako wa zamani unaweza kubaki na kitu ambacho hakipo tena, au mashine ikakataa kuufungua ukiwa tayari umewasha injini. Aprochi usiihifadhi kabisa ndani ya mpango wa kudumu, iite upya kila mara kutoka kwenye databesi. Na kwa IFR (kuruka kwa kufuata vyombo, sio kwa kuona nje) usijenge aprochi kwa mkono hata siku moja, wala usi"rekebishe" wepointi uliyoona imekosewa alafu ukairusha, lazima itoke kwenye databesi kwa jina lake kama ilivyo. Ikiwa imekosewa, hiyo aprochi kwako haipo.

Baada ya apdeti ndo ukague zaidi

Watu wanadhani apdeti inapunguza hatari tu. Kuna ajali inayoonyesha upande mwingine, ya Air New Zealand 901, DC-10 iliyogonga mlima Erebus kule Antaktika 28 Novemba 1979, watu wote 257 wakafa. Haikuwa GPS, ilikuwa mfumo wa zamani wa kujiongoza wenyewe, ila mantiki ni moja. Kwenye kompyuta ya shirika, longitudo ya mwisho wa njia ilikuwa imeandikwa 164°48' badala ya 166°48', kosa la tarakimu moja, na kwa muda mrefu kosa hilo lilikuwa linapitisha ndege juu ya mlango wa bahari ulio wazi, mbali na mlima. Saa chache kabla ya safari ile namba ikarekebishwa, wafanyakazi wa ndege hawakuambiwa, na njia mpya ikapita moja kwa moja kwenye mlima.

Kwa hiyo njia unayoirusha kila wiki, mzunguko mpya ukiingia, ipitie tena kama vile hujawahi kuiona. Mimi nashauri uwe na karatasi au noti kwenye simu yenye vipande vya njia zako za kawaida, umbali na kozi, ili ukiapdeti unalinganisha namba na namba badala ya kutegemea kumbukumbu. Kampuni za data nazo zinatoa taarifa za tahadhari pale zinapogundua kosa baada ya databesi kutoka, Jeppesen wanaziita NavData Alerts, na watengenezaji wa GPS wana zao. Jiandikishe uzipate kwa barua pepe na usizipite.

Na NOTAM, yaani matangazo ya tahadhari kwa marubani, yasome kila safari. Mnara mpya, kreni, anga iliyofungwa kwa muda, aprochi iliyosimamishwa, hivyo vyote vinatokea katikati ya mzunguko na havitakuwemo kwenye kadi. Skrini ya vizuizi ikiwa tupu maana yake ni kwamba databesi haina kitu pale, haimaanishi pale hakuna kitu, na nguzo fupi mara nyingi hazimo hata kwenye databesi mpya.

Ukiwa angani na mambo hayakubaliani

Kwanza tofautisha kama ni nafasi yako iliyokosewa au ni ramani. Mawimbi ya GPS yakiingiliwa, mara nyingi ndege kwenye skrini itaruka ruka, kasi itakuwa ya ajabu, au utapata ujumbe wa kupoteza uhakika, na kila kitu kitakuwa kimehama kwa pamoja. Databesi ikiwa ndo yenye kosa, kila kitu kitaonekana sawa isipokuwa kile kimoja: mto uko pale pale ulipo kwenye ramani, barabara iko sawa, ila uwanja hauko mahali mashine inaposema.

Kama ni VFR (kuruka kwa kuona nje), simamia kimo salama, rudi kwenye chati, dira na saa, tafuta alama mbili za ardhini zinazokubaliana, alafu amua. Usizunguke ukishuka shuka kuutafuta uwanja ulipo kwa mujibu wa mashine. Na kama uko karibu na mpaka wa anga iliyozuiwa usiubanie kwa kufuata mstari wa skrini, jipe maili kadhaa.

Kama ni IFR, usiendelee kushuka. Kimo salama kwanza, mwambie mwongoza ndege kwa maneno ya kawaida kwamba data yako haikubaliani na chati, omba kuongozwa kwa rada au aprochi nyingine isiyotegemea hiyo data, ILS (mfumo wa redio wa kuongozea kutua) au VOR, ukikagua kwa kusikiliza kitambulisho cha kituo. Mwambie pia kwa sababu kuna mwingine nyuma yako mwenye kadi kama yako.

Kuripoti

Ukishatua usiishie kumsimulia mwenzako tu. Piga picha skrini ikiwa inaonyesha kosa, na ukurasa wa tarehe za databesi. Andika aina ya kifaa na toleo la programu yake, namba ya mzunguko, eneo la databesi, uwanja, jina kamili la aprochi au njia, kipande chenyewe, mashine inasema nini na chati inasema nini, na tarehe ya chati. Ripoti ya "GPS yenu ina kosa" haimsaidii mtu, ripoti ya "kipande kutoka wepointi hii mpaka hii, chati ya AIP maili 6.0, kifaa 6.6" inashughulikiwa haraka.

Pa kuipeleka kunategemea kosa lilipoanzia. Fungua AIP. AIP ikiwa sahihi na mashine ikiwa na kosa, peleka kwa kampuni iliyokuuzia data. AIP yenyewe ikiwa na kosa, peleka kwa ofisi ya taarifa za anga ya nchi husika, kwa sababu kampuni ya data hairuhusiwi kubadilisha namba ya nchi kwa kuwa tu wewe umesema. Ukiwa na wasiwasi peleka kote kuwili. Marekani kuna ASRS inayosimamiwa na NASA na Uingereza kuna CHIRP, kule unaweza kuripoti kwa siri, na nchi nyingi mamlaka ya anga ina fomu ya matukio ya usalama.

Marekebisho hayaji kesho. Taarifa za AIRAC zinatakiwa zimfikie mtumiaji angalau siku 28 kabla ya kuanza kutumika, kwa hiyo hata wakikubali leo unaweza kusubiri mzunguko mmoja au miwili, labda itolewe NOTAM katikati. Kipindi hicho bandika karatasi kwenye dashibodi yenye jina la aprochi isiyotumika, na kama ndege mnashirikiana mwambie kila anayeirusha. Mzunguko mpya ukiingia fungua kipande kile kile ulichoripoti, pima umbali na kozi tena, angalia na jirani zake wa pande zote mbili, kisha ndo uitoe hiyo karatasi.